Porto inatoa viputo? Tuikague chupa pamoja

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Hii ni porto, mvinyo mtamu wa bonde la mto Douro, Ureno. Haitakiwi kuwa na gesi. Lakini sikilizeni nikizungusha kizibo... psss! Mmesikia? Leo tunamsaka aliyeitia hewa.

Kwanza, soma lebo. Porto nyingi zina kilevi cha asilimia 19 hadi 22. Kule Douro zabibu zikishachacha siku chache tu, wanamimina humo pombe kali ya zabibu yenye asilimia 77. Hamira inazimika, sukari iliyokuwa haijaliwa inabaki, na huo ndio utamu wake. Kwa hiyo chupa ya kiwandani ikisoma 20, usikimbilie kuilaumu hamira.

Pili, mimina taratibu kwenye glasi safi, kisha iweke mbele ya taa. Nasogeza kamera. Haya mapovu makubwa ya juu yanayopasuka papo hapo ni ya kumimina tu, achana nayo. Tazama hivi vidogo, kama vichwa vya pini: vinapanda kwa mstari kutoka chini, vingine vimeng'ang'ania ukuta wa glasi. Hiyo ni hewa ukaa iliyoyeyuka ndani ya mvinyo.

Tatu, tia kidogo kwenye chupa ya plastiki, nusu tu. Ziba kwa kidole gumba, tikisa, achia. Rudia mpaka usisikie tena ile psss. Sasa onja. Kama mvinyo unang'aa, hauna ukali wa siki na ladha imetulia, huenda ni hewa iliyobaki tangu kuchacha ikafungiwa humo. Endelea na glasi yako.

Nne, na hapa tusiende haraka. Inamisha chupa, angalia mashapo. Porto iliyozeeka chupani huwa na mashapo mazito yanayolala chini kama ya kahawa, hayo hayana neno. Ila ukiona ukungu, au nyuzinyuzi zinazoelea kama pamba iliyochambuliwa, umempata mhalifu: bakteria wa asidi ya maziwa, ukoo mmoja na wale wanaogandisha mtindi. Watu hudhani pombe ikiwa kali inaua kila kitu. Si kweli! Wapo wanaostawi hata kwenye asilimia 20. Mmoja wao alipewa mwaka 1949 jina la kisayansi linalotokana na neno la Kigiriki la nywele, kwa ajili ya hizo nyuzi. Wanakula sukari, wanaacha asidi, siki na hewa. Chupa ya namna hii funga, chukua risiti, irudishe dukani. Hata kwenye mchuzi usiitie.

Na nyie mnaotengeneza wenyewe nyumbani? Kwenu mshukiwa wa kwanza ni hamira, na kosa huwa la hesabu. Nalijua kwa sababu nimelifanya. Nilikuwa na lita 10 zilizofika asilimia 6, nikatia chupa moja ya mililita 750 ya pombe kali ya asilimia 40, nikajiona fundi. Pigeni hesabu: mvinyo wote ulifika asilimia 8 na kitu. Hamira hiyo hata haikushtuka! Kufikisha 18 kwa pombe ile ile kulihitaji karibu lita 5 na nusu.

Halafu koroga, tena koroga sana. Pombe kali ni nyepesi, inakaa juu, na huku chini hamira inaendelea na karamu yake. Usifunge chupa mpaka mvinyo utulie kabisa na uwe mweupe, namaanisha usio na ukungu.

Kama tayari umeshafunga na vizibo vimeanza kujisukuma juu, usitikise. Weka chupa kwenye friji usiku kucha, izungushie taulo nene, vaa miwani, ifungulie kwenye sinki. Mimi sikuweka friji wala taulo. Lile doa la zambarau mnaloliona juu ya kabati langu kila video, ndilo hilo.