Kanzu Nyeupe, Buibui Jeusi: Kamera Haijui Inachokitazama

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi kwenu nyote. Mmeniita nizungumzie mwanga na rangi. Nianze na picha ninayoionea haya mpaka leo.

Ilikuwa harusi ya Ngamiani, Tanga, saa saba mchana. Bwana harusi kavaa kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka, kofia ya viua kichwani, na nyuma yake wamejipanga mama, mashangazi na mama wadogo, wote ndani ya mabuibui. Kwenye kioo cha nyuma ya kamera niliona picha safi. Kuja kuifungua nyumbani, kanzu imekuwa bamba jeupe tupu. Tarizi ya kifuani imefutika, viua vya kofia havionekani hata kimoja. Mama yake akaniuliza taratibu, "Mwanangu, tarizi tuliyoilipia iko wapi?" Nikabaki naangalia chini.

Tarizi iliungua, yaani mwanga ulizidi mpaka ikafutika, kwa sababu ya yale mabuibui. Mita ya kamera haijui kanzu wala haijui shangazi. Inaona mwanga tu, na kila inachoona inataka kukirudisha kwenye kijivu cha kati, kile ambacho mafundi huhesabu kuwa kinaakisi asilimia 18 ya mwanga. Fremu yangu ilijaa weusi, kamera ikadhani pana giza, ikaongeza mwanga, kanzu ikalipa deni. Siku ya Idi mambo hugeuka: fremu imejaa kanzu, kamera inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na waumini wote wanatoka wamevaa nguo ya rangi ya jivu.

Kwa hiyo kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa kizoeeni kama breki ya baiskeli. Kanzu zikijaa, ongeza stopu moja hadi moja na nusu. Mabuibui yakijaa, punguza stopu moja. Stopu moja, kwa walio wageni, ni mwanga mara mbili ukiongeza, au nusu yake ukipunguza. Hapo ni pa kuanzia tu. Hakimu ni histogramu, ule mlima mdogo wa grafu kwenye kioo cha kamera, giza likiwa kushoto na mwangaza kulia. Mlima ukibanana na ukuta wa kulia, kuna mahali pameungua, na palipoungua hapana kitu cha kurudisha. Kioo msikiamini: juani kinaonekana cheusi ukashawishika kuongeza, usiku kinang'aa ukashawishika kupunguza.

Bibi harusi akivaa gauni jekundu, fungueni histogramu ya rangi tatu. Ile ya jumla inaweza kusema salama huku nyekundu peke yake imeshagonga ukuta, na mikunjo ya gauni ikageuka rangi ya kupaka ukutani.

Sasa nyuso. Zamani maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, na kadi hizo zikaitwa Shirley. Ngozi zetu hazikuwamo kwenye hesabu. Kodak ilipokuja kuboresha filamu zake zionyeshe vizuri rangi za hudhurungi, sehemu ya msukumo ilikuwa malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Chekeni tu, mimi nilicheka kwa uchungu. Lakini leo kosa liko mkononi mwetu. Ukipima mwanga kwenye uso wa mtu mweusi tii na kuuacha hivyo, kamera itamvuta kwenye kijivu, atoke amepauka kama aliyepakwa unga. Punguza kidogo, arudi mwenyewe. Ukimsimamisha mbele ya ukuta wa chokaa ukaipa kamera mamlaka yote, utabaki na meno na macho.

Turubai ndiyo adui yangu wa kudumu. Jua likipita kwenye turubai la kijani, biriani la kijani, maharusi wa kijani. Hapo mizani ya nyeupe, au waiti balansi kama tunavyoiita kazini, ile inayoiambia kamera nyeupe ni ipi, ikiachwa kwenye oto inabahatisha. Piga kadi ya kijivu ikiwa chini ya lile lile turubai, iambie kamera, "hii ndiyo isiyo na rangi." Na tafadhali, msitumie kanzu badala ya kadi! Wengi wetu nguo nyeupe tunazisuuza kwa bluu, na sabuni za unga nyingi zina dawa ya kung'arisha. Macho yanaona nyeupe, kamera inaona ubuluu, inaongeza njano, na bwana harusi anatoka kama ana manjano ya ini.

Namba za Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, hazitishi. Balbu ya zamani ni kama 2,800, jua la mchana 5,500, kivulini hupita 7,000. Kama mnapiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, rangi mtairekebisha baadaye kwa raha, maana JPEG, ile picha ya kawaida iliyokwisha kubanwa, ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, ilhali RAW ya biti 14 ina 16,384. Ila kwa tarizi iliyoungua kabisa, RAW nayo haina dawa.

Basi, inukeni twende uani. Wewe mwenye kanzu simama mlangoni, nusu juani nusu kivulini, na dada wa buibui akae kando yako. Kila mtu apige mara tatu, na asiniletee picha ambayo sitaweza kuhesabu vifungo.