Majitu Mekundu Yenye Lithiamu Nyingi

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nitaharakisha kabla umeme haujakatika, maana hapa Jinja, Uganda, bwawa la umeme liko jirani, lakini mishumaa bado tunanunua.

Lithiamu mnayo mfukoni, kwenye betri ya simu. Ndani ya nyota haidumu: joto likifika nyuzi milioni 2.5 hivi, inaungua na kuwa heliamu. Nyota ikizeeka huvimba ikawa jitu jekundu, kama ile Aldebaran tunayoiona juu ya vichwa vyetu jioni za Januari. Tabaka lake la nje hukorogeka kama sufuria ya maharage, ya chini yanapanda, ya juu yanashuka kwenye moto. Lithiamu iliyosalia ingepaswa kuzimuliwa, ibaki kidogo sana.

Basi mwaka 1982 wanaastronomia Wallerstein na Sneden wakakuta jitu lililoorodheshwa kama HD 112127 limejaa lithiamu. Leo majitu ya namna hii yanajulikana maelfu, ingawa ni kama moja tu katika kila majitu mekundu mia. Moja lililotangazwa 2018 kwa darubini ya LAMOST, China, lina karibu mara 3,000 ya jitu la kawaida!

Wapo wanaosema jitu la namna hii limemeza sayari. Wanafunzi huipenda sana hadithi hii, na kwa baadhi ya majitu huenda ni kweli. Ila sayari imetokana na wingu lilelile lililozaa nyota yake; itawezaje kuipa lithiamu nyingi kuliko ile iliyozaliwa nayo?

Mimi naegemea mapishi ya ndani, ambayo wanasayansi Cameron na Fowler waliyaeleza 1971. Aina mbili za heliamu, heliamu-3 na heliamu-4, hukutana, ikapatikana beriliamu-7, elementi nyingine nyepesi. Hii, katika maabara, nusu yake hugeuka lithiamu kwa siku 53. Ikigeukia kule chini, imeungua. Kwa hiyo ni lazima ipande ingali beriliamu, igeukie juu penye ubaridi. Mwiko ukienda polepole, hakuna kitu.

Nani anashika mwiko? Hapo ndipo tunapobishana. Mengi ya majitu haya tayari yanachoma heliamu kwenye viini vyao, ndiyo maana wengine hutaja ule mwako wa ghafla wa heliamu inapoanza kuwaka. Wengine hutaja nyota jirani inayolizungusha jitu kwa kasi.

Naam, mzee wangu pale nyuma? Jua letu? Litakuwa jitu jekundu baada ya miaka bilioni 5 hivi. Kwa sasa, juu ya uso wake imebaki sehemu moja tu kati ya 150 ya lithiamu lililoanza nayo.