Udongo Unapoacha Kuwa Udongo

Ndugu wafinyanzi na wachoma matofali, karibuni. Vipo vipande viwili vya udongo mmoja: kimoja kimekaushwa juani wiki nzima, kingine kimechomwa kwa nyuzi 700 za Selsiasi. Vitieni kwenye ndoo ya maji. Cha kwanza kitameguka kiwe tope. Cha pili kitatoa vipovu, kisha kibaki vilevile. Kimepatwa na nini?

Tuitazame kaolini, udongo mweupe wa kufinyangia, kama ile ya vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam. Madini yake makuu, kaolinaiti, ni tabaka la silika (silikoni na oksijeni) lililoshikana na tabaka la alumina (alumini na oksijeni), yakapangana kama kurasa za kitabu. Maji yanayolowesha kurasa hizo hutoka karibu na nyuzi 100. Yakitoka kwa pupa, mvuke hupasua chungu, kwa hiyo mpaka nyuzi 120 moto upande taratibu, nyuzi 50 kwa saa au pungufu kama chungu ni kinene. Hadi hapo, ukiulowesha udongo, unafinyangika tena.

Lakini ndani ya tabaka la alumina zimo oksijeni na haidrojeni zilizofungana jozi jozi, oksijeni moja na haidrojeni moja. Kati ya nyuzi 450 na 600 zinang'oka: jozi mbili hutoa molekuli moja ya maji na kuacha oksijeni moja. Alumini nyingi, zilizokuwa zimezungukwa na oksijeni sita kila moja, sasa zinabaki na nne au tano, na ule mpangilio wa kurasa unavurugika. Hiyo ndiyo metakaolini, na hairudi kuwa tope.

Mizani inaonyesha haya wazi. Gramu 100 za kaolinaiti safi, zilizokaushwa kwa nyuzi 110 kisha kuchomwa kwa 700 saa mbili, hubaki 86; 14 zilizopotea ni maji hayo. Zikibaki 90, kaolinaiti ilikuwa kama asilimia 70, mradi udongo hauna mizizi wala mawe ya chokaa, maana navyo hupoteza uzito.

Metakaolini iliyosagwa ikichanganywa na chokaa na maji hugeuka saruji nzuri sana. Msiipitishe 850, kwani karibu na 980 fuwele mpya huanza kujengeka na uwezo huo wa kuwa saruji unakufa. Kwa vyombo, juu ya 1100 ndiko inakokomaa mulaiti, fuwele kama sindano zinazoipa kaure uimara.

Mchanga ndani ya udongo nao una lake: kwenye nyuzi 573 kwatsi, madini ya mchanga huo, hutanuka ghafla, na joko likipoa husinyaa ghafla vilevile, na chombo kinaweza kupasuka. Kwa hiyo mlango wa joko usifunguliwe kabla joto halijashuka chini ya 200.