Mluzi Kwenye Noah ya Halima

HALIMA: Baraka, salamu zisubiri. Sikiliza hii kwanza, nimeirekodi Jumanne asubuhi Kimara, foleni imesimama.

[Rekodi: kaswida inasikika, chini yake mluzi mwembamba. Injini inapigwa resi, mluzi unapanda. Resi inashuka, nao unashuka.]

BARAKA: Rudisha pale ulipokanyaga mafuta.

[Rekodi inarudiwa.]

BARAKA: Basi. Huo ni alteneta, dada. Unapanda na injini, unashuka na injini. Ungekuwa unatakatika, ta-ta-ta-ta, ningekwambia tuangalie plagi na koili. Huu ni mluzi mmoja ulionyooka.

HALIMA: Ulianza baada ya kufungiwa ile amplifaya na sabufa. Kabla ya hapo gari ilikuwa kimya. Watoto wa shule ninaowabeba ndio waliousikia wa kwanza, mmoja akaniuliza, "Mama Halima, nani anapiga filimbi?"

BARAKA: Masikio ya watoto hayo! Sikiliza sasa, na wasikilizaji wetu mnifuate hapa, maana watu wengi wanaishia kununua alteneta ambayo hawakuihitaji. Karibu kila gari lenye injini lina alteneta. Inazalisha umeme wa AC, ule wa kwenda na kurudi, wa awamu tatu, halafu humo humo ndani kuna daiodi, kwa kawaida sita, zinazougeuza uwe DC, wa kwenda upande mmoja. Lakini haugeuki ukanyooka kabisa. Unabaki na vijiwimbi, na vijiwimbi hivyo vinafuata kasi ya injini. Viko kwenye gari lako, viko kwenye gari la jirani. Mbona redio ya jirani haipigi mluzi?

HALIMA: Nijibu mwenyewe basi.

BARAKA: Kwa sababu kwake havijapata njia ya kuingia kwenye sauti. Kwako vimepata. Kazi yetu ni kuitafuta hiyo njia. Redio yako iko mbele, imechukua ethi yake, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kwenye dashibodi. Amplifaya iko nyuma, imechukua ethi yake kwenye bodi huko huko nyuma. Sehemu hizo mbili hazilingani kabisa, pana tofauti ndogo ya volti, hasa kama ethi moja imefungwa vibaya. Halafu kati ya redio na amplifaya umepitisha waya za RCA, zile za kubeba sauti, na ile nyuzi ya nje ya RCA ni ethi pia. Umeshaunda mzunguko. Umeme wa alteneta unapita kwenye waya wa sauti, na amplifaya yenyewe haijui kuwa huo sio muziki. Inaukuza tu.

HALIMA: Ya kwangu imefungwa kwenye bolti ya kiti.

BARAKA: Ina rangi?

HALIMA: Ina rangi.

BARAKA: Dada Halima.

HALIMA: Mimi sikufunga, nimefungiwa! Endelea.

BARAKA: Ethi ya amplifaya inatakiwa iwe waya mfupi, usiofika nusu mita, unene sawasawa na waya wa moto, ule wa chanya, na pale inapokaa rangi ikwanguliwe mpaka bati ling'ae. Ung'arishe, ufunge, halafu upake grisi juu isishike kutu, maana sisi tunaishi na chumvi ya bahari. Na bolti za mkanda wa kiti usiziguse kwa kazi hiyo, zile ni za kuokoa roho. Sasa kabla ya kufungua chochote, kuna maswali mawili matatu unaliuliza gari. La kwanza: washa swichi bila kuwasha injini. Ulisikia nini?

HALIMA: Nikizungusha ufunguo, anayeongea wa kwanza ni yule dada wa Kijapani, sauti ya kile kifaa kilichokuja na gari.

BARAKA: Bado yumo?

HALIMA: Yumo! Kila asubuhi. Na watoto wangu sasa wanamwamkia. Akimaliza tu sentensi yake, gari zima, "Shikamooo!"

BARAKA: [anacheka] Wanamwamkia dada wa ETC!

HALIMA: Kuna mmoja wa chekechea asipomsikia hakai. Juzi nimewasha gari kabla hajapanda, akaniambia zima uwashe tena, hajamwamkia mtu wake.

BARAKA: Wallahi sitaki umtoe. Lakini wasikilizaji wajue, yule anawaambia kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mfumo wao wa kulipia barabara kule Japani, gari linapita kwenye geti bila kusimama, kadi inakatwa. Hapa hata ukimpa kadi hana pa kuitumia.

HALIMA: Mimi nilidhani anatusalimia. Sasa nitawaambiaje watoto?

BARAKA: Usiwaambie. Waache waamkie.

HALIMA: Lakini si kifaa kinakula umeme? Si inaweza kuwa yeye ndiye anapiga mluzi?

BARAKA: Hapana. Yule ana spika yake ndogo, hapiti kwenye redio yako kabisa. Msingizie mwingine. Ila swali lako ni zuri, maana magari haya yanakuja na vitu vingi vya kwao, na vingine vinaleta kelele kweli. Ekspanda, kwa mfano.

HALIMA: Aaah, ekspanda!

BARAKA: Redio za Japani zilitengenezwa kwa FM ya kuanzia 76 mpaka 90. Sisi stesheni zetu zinaanzia 87.5 mpaka 108. Kwa hiyo gari likishuka bandarini linakamata vistesheni viwili vitatu tu. Fundi anaweka kijisanduku kwenye waya wa antena, kinateremsha masafa. Kama kinateremsha 20, stesheni ya 98 unaikuta kwenye 78.

HALIMA: Ndio maana abiria wangu mmoja mzee alikuwa anagombana na mimi. Ananiambia weka 98, namwambia ndiyo hii, anaona imeandikwa 78, anasema nimemwekea stesheni nyingine. Tumefika Ubungo hajakubali.

BARAKA: Na kijisanduku hicho kinataka volti 12 zake. Kikiwa cha bei chee, kimefungwa kwenye moto mchafu na ethi ya kubahatisha, kelele ya injini inaingia kwenye FM. Utaijuaje? Ukiwa kwenye FM unasikia kelele, ukihamia Bluetooth kimya. Hapo amplifaya usiiguse. Shida iko kwenye antena au ekspanda.

HALIMA: Yangu inasikika kwenye vyote.

BARAKA: Basi ekspanda haina kesi. Na chaja ya simu? Ile ya kuchomeka kwenye tundu la sigara?

HALIMA: Niliichomoa, mluzi upo. Nikachomoa na simu, upo.

BARAKA: Vizuri sana, maana hilo linawapata wengi. Simu iko kwenye chaja ya gari, hapo hapo imeunganishwa redioni kwa waya wa AUX, ethi mbili zinakutana ndani ya simu, mluzi. Ukichomoa chaja unakoma. Ya kwako sio hiyo. Sasa tungeenda kwenye kukata moto wa betri ili...

HALIMA: Ngoja! Usiwaambie watu wakate betri hivi hivi. Redio ya Kijapani yenye ramani ukiikatia betri inajifunga.

BARAKA: Ee, umefanya vizuri kunikatiza. Zile redio za Toyota zenye navi, ukitoa terminali ya betri, ukirudisha inakuandikia ERC na namba ndefu, inataka namba ya kuifungulia. Haipigi tena.

HALIMA: Jirani yangu yamemkuta. Alipeleka gari kubadilishiwa betri, akarudi na betri mpya na redio bubu. Mwaka mzima anaendesha anaimba mwenyewe.

BARAKA: Ile namba inayotokea kwenye skrini aipige picha. Wanaofungua wanaitumia hiyo hiyo kutafutia namba ya kufungulia. Asitupe redio.

HALIMA: Yule dada wa ETC yeye hajifungi?

BARAKA: Yule hata ukate nini, ukiwasha anaongea.

HALIMA: Shikamoo yake! [wanacheka] Haya. Sasa nikwambie la moyoni. Mluzi umeisha.

BARAKA: Umeisha vipi?

HALIMA: Jumatano nimepita kwa fundi mmoja njiani, sitamtaja. Akaniwekea filta. Kijisanduku kidogo, RCA zinaingia huku zinatokea kule. Dakika chache tu. Nimewasha, kimya.

BARAKA: Hiyo ni isoleta. Ndani kuna transfoma ndogo mbili, ya kushoto na ya kulia. Sauti inavuka kwa sumaku, waya wa ethi hauvuki. Mzunguko umekatwa.

HALIMA: Si ndicho tulichokuwa tunatafuta?

BARAKA: Sicho. Alipima kitu kabla ya kuiweka?

HALIMA: Hakupima.

BARAKA: Basi amekutia pamba masikioni. Ethi yako bado iko kwenye rangi. Amplifaya ikivuta umeme mwingi kwenye besi, ule umeme unarudi kupitia bolti yenye rangi, panapata moto pale. Isoleta haijagusa hapo. Na besi yenyewe si imepungua?

HALIMA: Imepungua kidogo. Kidogo sana.

BARAKA: Transfoma ya bei rahisi haipitishi besi vizuri. Umelipia sabufa, halafu umelipia kitu cha kuinyamazisha.

HALIMA: Baraka, mimi nabeba watoto wa watu. Kumi na moja na nusu alfajiri niko barabarani, mchana nawarudisha, jioni nina abiria. Wewe unataka nifungue kapeti, nitoe viti, gari lilale kwako. Siku hiyo watoto wanakwenda na nini? Filta imenigharimu dakika. Na sio kitu cha uongo, hata kwenye kumbi mafundi wa muziki wanatumia transfoma kukata mvumo wa ethi. Wale nao wametia pamba?

BARAKA: Wale wanajua ni kwa nini wameiweka. Wameshakagua. Wewe hujui kama daiodi moja ya alteneta imekufa. Ikifa moja, vijiwimbi vinakuwa vikubwa, na mluzi ndio unaokupa habari mapema. Umeufunga mdomo.

HALIMA: Taa ya betri haijawaka.

BARAKA: Inaweza isiwake! Daiodi moja ikifa, alteneta inaweza kuendelea kuchaji. Utaona 13 na kitu, utasema nzima.

HALIMA: Na mluzi ulianza siku ya amplifaya. Siku ile ile. Alteneta ikafe siku ile ile kwa nini?

BARAKA: Sikatai kwamba labda ni ethi. Nasema hukupima.

HALIMA: Na mimi nasema dereva anayetafuta riziki ana haki ya kuweka kinachofanya kazi leo, akasubiri likizo ya shule afungue kapeti.

BARAKA: Na mimi nasema kwenye gari la watoto ndiyo kabisa hutakiwi kusubiri likizo. Ethi inayopata moto chini ya kapeti, dada?

HALIMA: Nimepapasa bolti baada ya safari. Baridi.

BARAKA: Ulipapasa sabufa ikiwa inapiga kwa nguvu?

HALIMA: Kaswida ya watoto inapigwa kwa nguvu gani?

BARAKA: Siwezi kuikubali hiyo.

HALIMA: Usikubali. Na mimi sichomoi.

[Kimya kidogo.]

BARAKA: Tuwape watu vipimo basi, tuliwaahidi.

HALIMA: Tuliahidi hatua tano. Umetoa moja na nusu, na mimi saa sita lazima niwe getini kwa watoto.

BARAKA: Nakimbia. Teremsha sauti ya redio mpaka sifuri. Mluzi ukibaki vile vile, unaingia baada ya redio: waya za RCA au amplifaya. Ukipungua na sauti, unaingia kwenye redio yenyewe au kabla yake. Halafu zima kila kitu, chomoa RCA kwenye amplifaya, washa tena. Pakiwa kimya, amplifaya yenyewe haina kosa kubwa, ila ethi yake bado utaipima; fuata RCA kurudi mbele, na uangalie kama hazikulazwa pamoja na waya wa moto. Moto upite upande mmoja wa gari, RCA upande mwingine.

HALIMA: Zangu zimepita pamoja.

BARAKA: Unaona sasa! Multimita, kile kipimo cha umeme: gari limezimwa na limepumzika, betri iliyojaa inasoma kama 12.6. Injini ikiunguruma, kati ya 13.8 na 14.5. Halafu geuza multimita kwenye AC, pima pale pale kwenye betri, taa zimewashwa. Ikipita 0.1 anza kuitilia shaka alteneta, ikifika nusu volti ipeleke ikafunguliwe. Kisha rudisha DC, ncha moja kwenye negativu ya betri, nyingine kwenye ethi ya amplifaya, muziki unapiga...

HALIMA: Baraka, muda.

BARAKA: ...isizidi 0.1! Ikizidi, ethi mbovu. Bado waya tatu za mbele, alteneta kwenda betri, betri kwenda bodi, injini kwenda...

HALIMA: Hizo wiki ijayo. Na ile uliyosema kuhusu redio iliyoungua ethi ya RCA kwa ndani?

BARAKA: Hiyo ilikuwa hatua ya nne, watu wameniandikia wanaisubiri!

HALIMA: Wiki ijayo. Jumamosi napita kwako na Noah, dakika kumi tu, unapima huku injini inawaka.

BARAKA: Na isoleta nikiichomoa kidogo nisikie?

HALIMA: Pima. Usichomoe.

BARAKA: Nitapimaje mluzi bila kuusikia, Halima?

HALIMA: Si umesema multimita? Kwaherini wasikilizaji, naondoka.