Dakika Mbili za Kungoja Bure

Wandugu, asanteni kwa kufika licha ya foleni ya barabarani. Leo nataka tuzungumze juu ya dakika mbili ambazo mashine pepe ya Linux, yaani kompyuta ya kiprogramu inayoishi ndani ya seva, inaweza kuzipoteza inapowaka.

Umeme ulikatika hapa Kampala, jenereta ikachelewa kushika, seva ya chama kimoja cha akiba na mikopo ikazimika. Umeme uliporudi, mashine pepe zote ziliwaka upesi isipokuwa ile ya malipo. Mama muuza matooke alisimama dirishani, kitabu cha akiba mkononi, akinitazama. Mimi nikadhani diski imechoka.

Baadaye nilipima kwa systemd-analyze blame, amri inayoorodhesha muda uliochukuliwa na kila huduma wakati wa kuwaka. Juu kabisa ilikaa huduma moja: systemd-networkd-wait-online, ile inayongoja mtandao uwe tayari, dakika mbili kamili. Sekunde 120 ndizo subira yake ya kawaida kabla haijakata tamaa. Mashine ile ya malipo ilikuwa na kadi mbili za mtandao, na ya pili ilikuwa ikiomba anwani ya mtandao kwa DHCP, utaratibu wa kugawa anwani zenyewe, mahali pasipo na wa kuitoa. Prosesa haina kazi, diski imetulia, mashine nzima inangoja mgeni asiyekuja! Niliongeza mstari mmoja kwenye faili la Netplan, linalopanga mipangilio ya mtandao, chini ya kadi hiyo: optional: true, yaani kadi hii si ya lazima kuingojea. Kungoja kukaisha.

Kwa hiyo pimeni kabla ya kununua SSD, diski ya kasi. Lakini blame ina mtego wake: hutaja huduma iliyochukua muda mrefu, hata kama hakuna aliyekuwa akiisubiri. Nani anamzuia nani, hilo mtaliona kwa amri ya systemd-analyze critical-chain.

Sekunde nyingine hupotea kwenye GRUB, programu inayoanzisha mfumo: menyu yake kwenye Debian, aina mojawapo ya Linux, hungoja sekunde 5 mtu achague. Kwenye seva isiyo na skrini, nani atachagua? Initramfs nayo, kifurushi kidogo kinachopakiwa mwanzoni mwa kuwaka, hubeba madereva (programu za kuendesha vifaa) ya kila aina, ilhali mashine pepe ya KVM, mfumo wa Linux wa kuendesha mashine pepe, inahitaji virtio, madereva ya vifaa pepe, na machache mengine. Kwenye mipangilio yake, MODULES=dep (yanayohitajika tu) badala ya most (karibu yote) huipunguza sana. Ila itengenezeni ndani ya mashine pepe yenyewe. Ukiitengenezea kwenye kompyuta nyingine, dereva wa diski anaweza kukosekana, na haitawaka kabisa.

Firecracker ya Amazon, programu ya kuendesha mashine pepe iliyotolewa mwaka 2018, huanzisha mashine ndogo kwa milisekunde 125 hivi, maana haina BIOS, programu ya awali ya kuwasha kompyuta, wala menyu. Kerneli, kiini cha mfumo, inapakiwa moja kwa moja.

Nawasihi, fsck, ukaguzi wa mafaili ya diski wakati wa kuwaka, msiizime. Najua inakula sekunde. Lakini umeme wetu huondoka bila kuaga, na ndani ya mafaili yale mna akiba ya yule mama.

Haya, aliyekuja na laptopu aiwashe, aandike systemd-analyze, tuone.