Kabla hujapaka silanti: dawa gani ni salama kusafisha na kuandaa rangi ya gari

Haya jamani karibuni, leo tuko na hili gari jeupe mnaloliona hapa, na kazi ya leo sio kupaka silanti, yaani ile dawa ya kufunika na kulinda rangi, kupaka silanti ni dakika chache tu za mwisho, kazi yenyewe ni kabla ya hapo na ndipo watu wengi wanapoharibu. Silanti inaziba. Kilichopo chini yake kinabaki chini yake, kama umeacha vumbi la chuma au mafuta ya polishi basi umeyafungia humo humo, halafu baada ya wiki chache unaona maji hayatiririki tena unasema dawa ni feki, kumbe haikupata pa kushika.

Kitu kimoja kabla hatujaanza. Ile kliakoti, yaani lile tabaka la juu lisilo na rangi linalofanya gari ing'ae, kwenye magari mengi yaliyotoka kiwandani ni mikroni 40 hadi 50 hivi, unywele mmoja wa kichwani mara nyingi ni mnene kuliko hapo. Na haioti tena. Kila ukiisugua unapunguza, kila ukimwaga dawa kali unaidhoofisha, kwa hiyo mimi dawa nzuri kwangu ni ile ya upole kuliko zote ambayo bado inatoa uchafu ulioko mbele yangu. Ikishindwa ndio napanda moja juu, sio kuanzia juu.

Tuanze na maji. Gari iwe kivulini, na weka kiganja kwenye boneti hivi, kama unasikia joto subiri ipoe, dawa yoyote ikikaukia kwenye bati la moto inaacha alama. Mwagia maji ya kutosha mchanga uondoke wenyewe kabla hujagusa na kitambaa. Halafu shampuu. Chukua shampuu ya gari, soma lebo, tafuta palipoandikwa pH 7 au isiyo kali, na hapa sikiliza vizuri, isiwe ile yenye waksi ndani yake. Zile za waksi ni nzuri siku nyingine, ila leo zinaacha utando ambao sisi ndio tunahangaika kuutoa.

Najua mtaniuliza sabuni ya vyombo. Ukiosha nayo mara moja gari haitakufa, lakini haina utelezi wa kutosha, mchanga unaburuzika kwenye rangi, na ukiizoea inakausha raba na plastiki nyeusi, na waksi yenyewe haiitoi yote kama watu wanavyodhani. Sabuni ya unga ndio hapana kabisa, ni kali na ile chenga isipoyeyuka vizuri inakwaruza kama msasa. Ndoo ziwe mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia glavu ya kuoshea, osha kutoka juu kwenda chini, suuza, kausha na taulo ya maikrofaiba.

Sasa gari linaonekana safi, sindio? Njoo na kamera hapa karibu. Nachukua mfuko wa nailoni mwepesi, navaa mkononi kama glavu, napitisha taratibu kwenye boneti iliyooshwa. Sijui kama maiki inashika, sikiliza... hiyo krsh krsh, kama nimepitisha mkono juu ya sukari iliyomwagika mezani. Hivyo ni vitu vilivyong'ang'ania rangi ambavyo shampuu haviwezi, vumbi la chuma la breki, madoa ya lami, utomvu wa miti. Kila kimoja kina dawa yake.

Lami kwanza. Haya madoa meusi madogo hapa chini ya mlango nyuma ya tairi. Tumia dawa ya kutolea lami iliyoandikwa ni salama kwa kliakoti, pulizia kwenye kitambaa, kilaze juu ya doa kama nusu dakika hadi dakika moja, doa likianza kutiririka kahawia pangusa bila kukandamiza. Usisugue, acha dawa ifanye kazi. Petroli naomba muiache, najua watu wanaitumia kila siku, inashika moto kwa mvuke tu na ina benzini ambayo inasababisha kansa, haifai hata mkononi. Na thina ndio mbaya zaidi kwa rangi. Miaka ya nyuma niliipaka thina kwenye bampa jekundu la mteja kutoa doa moja la lami, nikapangusa, nikageuza kitambaa nikaona kimekuwa chekundu, bampa lilikuwa limepakwa rangi upya gereji na mimi sikuuliza. Nililipia kupaka upya bampa zima na tangu siku hiyo swali la kwanza kwa mwenye gari ni hili, kuna sehemu imepigwa rangi tena?

Na wewe jiulize hivyo hivyo. Rangi mpya ya gereji bado inatoa hewa ya kemikali zake kwa wiki kadhaa, watengenezaji wengi wa rangi wanasema usiipake waksi wala silanti kwa siku 30 hadi 90, muulize aliyepaka ni rangi gani na afuate maelekezo ya kopo lake. Kama haijafika, osha tu kwa shampuu ya upole na uache.

Haya, chuma. Hii ndio sehemu ninayoipenda. Vaa glavu za nitrili, kaa penye hewa, pulizia dawa ya kutolea chuma kwenye mlango huu mweupe na usubiri. Angalia... dakika moja hivi... hizo nukta za zambarau zinaanza, ona hii moja ilivyorefuka ikashuka kama wino mpaka chini kwenye ukingo. Kabla ya hapo ulikuwa huioni kabisa. Dawa imekutana na chuma na kukiyeyusha, na hiyo harufu ya yai bovu ni ya kawaida, inatoka kwenye salfa iliyomo. Fuata muda wa lebo, nyingi ni dakika 2 hadi 5, isikaukie hata kidogo, halafu suuza mno, mpaka kwenye mikunjo ya milango. Tafuta iliyoandikwa pH ya kati.

Usiichanganye na dawa ya rimu yenye asidi, hii naomba muisikie kwa makini. Kuna dawa za rimu zenye asidi ya haidrofloriki au amoniumu baifloraidi, zinang'arisha kwa sekunde kweli, lakini zinakula kioo, zinaharibu rangi, na zikiingia kwenye ngozi maumivu yanaweza kuja masaa mengi baadaye wakati madhara yameshafika ndani. Ukiona majina hayo kwenye lebo rudisha chupa. Na chupa isiyo na lebo kabisa, ile unayopimiwa tu, usiweke kwenye gari. Klorini ya kufulia nayo hapana, ikikutana na asidi inatoa gesi ya kudhuru mapafu.

Rudia mfuko wa nailoni. Pakiwa laini simama hapo hapo, huhitaji klei, yaani ule udongo laini wa kunasa uchafu uliong'ang'ania rangi. Mimi hapa kwenye boneti bado nasikia chenga, kwa hiyo nachukua klei laini, ile ya upole kuliko zote, nakata kipande, nakibapa, napulizia maji ya utelezi mengi na kuiburuza bila nguvu, mistari iliyonyooka, sio mizunguko. Ona ilivyochafuka, naikunja upate upande safi. Ikianguka chini tupa, usiisafishe, mchanga umeshaingia. Klei inaweza kuacha mikwaruzo midogo sana, ndio maana siitumii pasipo sababu.

Polishi siielezi leo, ni somo lake. Ila ukipiga polishi kuna zile zinazojaza mikwaruzo kwa mafuta, inaonekana imepona halafu inarudi, ukitaka silanti ishike chagua isiyo na vijazio.

Mwisho kabisa ni kutoa mafuta. Kuna dawa tayari za kufutia mabaki ya polishi, ndio rahisi, chukua ya maji kama unaanza. Ukitengeneza mwenyewe tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, sehemu 1 na maji yaliyochujwa chumvi sehemu 3, inakuwa kama asilimia 17. Watu wanaimwaga nzima nzima wakidhani kali ndio safi, inaweza kulainisha rangi na kitambaa kikaacha alama. Spiriti iliyotiwa rangi hapana, rangi yake itabaki. Spiriti ya dukani ya kupaka ngozi soma kwanza, baadhi zina mafuta ndani. Jeli ya kusafishia mikono hapana, nyingi zina gliserini. Na hakuna sigara wala jiko karibu, inawaka.

Jaribu kwanza sehemu ndogo isiyoonekana, mimi napenda hapa chini kabisa ya mlango wa nyuma, futa, subiri dakika chache, angalia kama pamefifia au kitambaa kimeshika rangi. Pako sawa? Pulizia kidogo, kitambaa kimoja cha kufutia, kingine kikavu cha kumalizia, paneli moja moja, na vitambaa visifuliwe na ile dawa ya kulainisha nguo, inaacha mafuta unayoyatoa.

Sasa washa tochi, iweke pembeni ya rangi namna hii. Naona kivuli cha utando hapa kwenye kona ya boneti, kama pumzi juu ya kioo, narudia hapo tu... umeisha. Tochi haina cha kuonyesha tena. Usiguse kwa mkono mtupu, kidole kina mafuta. Leteni silanti.