Steringi Aliyepasua Ukuta
Mhadhara kwa vijana watengeneza picha, Mwanga, Kigoma

Shikamooni wazee wangu mlioketi mbele. Na ninyi wa nyuma, mambo? Nimepewa muda mfupi kabla projekta haijawashwa, kwa hiyo sitazunguka.

Wengi wetu humu tumekulia kwenye vibanda umiza. Shilingi 100 mlangoni, benchi la mbao, joto, na picha ikianza tu lazima mtu aulize, "Steringi yupi?" Tulikuwa tunamzomea, lakini swali lake ni la haki. Huwezi kuanza kuogopa kabla hujajua unamwogopea nani.

Picha ya ujasusi inakwama hapohapo. Kazi ya shushushu ni kutojulikana, na kazi ya steringi ni kujulikana kabla hujamaliza karanga zako. Sasa mwongozaji akipewa sura mpya ailete katika jina ambalo watu wamelizoea, ana kesi mbili kwa mpigo. James Bond, jasusi wa kubuni wa Uingereza, ameonekana kwenye sinema tangu 1962, Sean Connery akiwa wa kwanza. Mwaka 1969 wakamleta George Lazenby, Mwaustralia aliyekuwa mwanamitindo. Akacheza picha moja, basi. Mwaka 1971 Connery alikuwa amerudi kwenye nafasi yake.

Mwonyesheni huruma kidogo, basi, Daniel Craig, sura mpya ya Bond. Oktoba 2005 walimtambulisha London, wakamleta kwa boti ya kasi kwenye mto Thames, kavaa suti, na juu ya suti jaketi okozi. Magazeti yakamcheka. Hapa Kigoma, tunaojua ziwa linavyobadilika upepo ukigeuka, mtu aliyevaa jaketi okozi hachekwi, ni mtu anayetaka kurudi kwake. Wakamcheka na nywele pia, eti Bond hawezi kuwa na nywele za dhahabu. Kuna waliofungua hadi tovuti kuhimiza watu waisusie picha yake. Nami nakiri, kibandani kwetu tulipouona uso ule mgumu tulisema huyu si steringi, huyu ni adui.

Picha ikatoka Novemba 2006: Casino Royale. Mwongozaji Martin Campbell, ambaye mwaka 1995 ndiye aliyemleta Pierce Brosnan katika nafasi hiyohiyo. Yaani fundi alikuwa anaijua kazi. Mkuu wa majasusi akabaki Judi Dench, yuleyule wa enzi ya Brosnan. Hilo nalipenda. Ukileta bwana harusi mgeni, usibadilishe na mashangazi.

Lakini nimekuja kuzungumzia ukuta.

Kuna mfukuzano karibu na mwanzo. Picha inasema tuko Madagaska, ingawa walipigia Bahamas. Anayekimbia ni Sébastien Foucan, Mfaransa, mmoja wa waasisi wa ule mchezo wa kukimbia na kuruka juu ya majengo. Anapanda winchi ya ujenzi kama nyani anapanda mnazi. Wakishaingia ndani ya jengo ambalo halijaisha, yule bwana anakutana na ukuta wenye kidirisha chembamba huko juu. Anajirusha, anapita katikati kama paka, hagusi kitu. Bond anakuja nyuma yake. Tunangoja aruke naye. Haruki. Anapita katikati ya ukuta wenyewe, wa jipsamu, anatokea upande wa pili na vumbi jeupe mwili mzima.

Kibanda kizima kiliinuka. Hakuna aliyeuliza tena steringi yupi.

Angalieni kilichofanyika pale. Hakuna aliyetuambia huyu mtu ni hodari. Tumeonyeshwa kuwa kuna anayemzidi wepesi na wanaomzidi urembo, ila ukimkimbia itabidi ukimbie sana. Tabia yake yote iko kwenye ule ukuta, na hajasema neno. Baadaye mhudumu wa baa anamuuliza kinywaji chake kichanganywe vipi, jambo ambalo Bond wa zamani alikuwa analifanyia maringo, na huyu anajibu kwa ukali kwamba hajali. Hata jina lake, ile namna ya kulitaja ambayo kila mtoto wa kibandani anaiiga, wamelibana mpaka sentensi ya mwisho ya picha. Amepigwa, ametiliwa sumu, moyo umesimama, mwanamke aliyempenda amekufa, ndipo anaruhusiwa kujitaja. Bongo muvi nyingi humtaja steringi dakika ya pili, tena kwa simu: "Haloo, Jonsoni hapa." Acheni hiyo.

Sehemu ya karata, kwa maoni yangu, ni ndefu mno. Kwetu watu walitoka kwenda kununua mahindi ya kuchoma, wakarudi, bado wanagawa karata.

Ninyi mnataka kupiga picha ya ujasusi hapa ziwani, na nimesikia mnamtafuta kijana mwenye kifua. Kabla ya kifua, kumbukeni Aprili 1965. Che Guevara, yule mpiganaji wa mapinduzi ya Kuba, alipita hapahapa Kigoma kwa siri, akavuka ziwa kwa boti usiku kwenda Kongo. Yeye na wenzake walijipa majina kwa hesabu ya Kiswahili. Kamanda Víctor Dreke akawa Moja, mwenzake akawa Mbili, na Che mwenyewe, ambaye dunia ilikuwa inaulizana yuko wapi, akajiita Tatu. Fikiria askari wa upande wa pili amesikia majina hayo. Atamtafuta nani kwanza? Novemba mwaka huohuo alirudi kupitia hapahapa.

Basi yule mnayemtaka mleteni kesho Kibirizi, saa kumi na mbili asubuhi, boti za dagaa zinapoingia. Apite katikati ya wachuuzi bila kusema chochote. Mimi nitakuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikinywa chai. Akinipita nisimwone, kisha nikajikuta nimegeuka kumtafuta, tutazungumza habari za kamera.

Haya, zimeni taa. Na wewe hapo mlangoni, najua umeshaiona, usitutajie anayekufa.